Kombeo la Mama

Mjukuu wangu Njeru,

Hapa Siakago tuko wazima, na ndengu za bibi, shosho yako, zimeota vizuri. Anauliza kama huko Kanada unakula ukashiba.

Umeniuliza, sasa umepata leseni ya kuwinda, ununue risasi za aina moja zinazofaa wanyama wengi, ama ukusanye aina nyingi, kila mnyama na yake. Bunduki siijui, mwanangu. Najua mishale. Nikiwa kijana nilijaza podo mishale ya kila namna: ya mti kwa ndege, ya chuma kwa swara, hata ya digidigi peke yake. Siku moja kanga akatua kwenye mtama wetu, karibu kabisa. Nikainama kuchagua mshale. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa anamwokota kanga. Alikuwa amempiga kwa kombeo lake la kufukuzia ndege shambani.

“Wewe endelea kuchagua,” akaniambia. “Mimi naenda kupika.”

Kusanya ukipenda, hata mimi nilipenda yangu. Podo bado liko ukutani, mishale yote mizima. Kombeo la mama lilitumika mpaka likaisha.

Guka wako