Kokwa za Parachichi na Maji Yangu ya Bluu

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Hujambo huko chuoni? Mimi mzima. Mgongo tu ndio unanisumbua, na huo ulikuwepo kabla hujazaliwa.

Nakumbuka likizo ile uliponikuta hapa Hasamba nikimwaga maji ya batiki mferejini, ukapiga kelele kama umeona nyoka.

"Bibi, hayo yanakwenda kwa Mama Atupele!"

"Na yaende. Miaka yote yanakwenda."

Kumbe jirani yetu kule chini alikuwa anamwagilia mchicha maji ya bluu, wateja wanaukataa, na salamu alishaninyima. Alishasema atanipeleka kwa mwenyekiti nizuiwe batiki. Nizuiwe batiki, nibaki kufukuza kuku tu?

Ukaokota kokwa za parachichi walizotupa watu, ukazikausha, ukazitwanga kwenye kinu changu bila hata kuniomba. Unga ukautia kwenye ndoo uliyoitoboa, ukasema utainyonya rangi, ukamimina maji ya batiki. Yakaingia ya bluu, yakatoka mekundu! Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Mke mwenzangu fundi kweli! Anatoa rangi moja, anatia nyingine!" Wewe hukucheka. Kesho yake uliondoka bila kuniaga vizuri, na mimi kwa kiburi changu sikukuita.

Nilikosa, mama. Sema na wewe ulikosa kutoniuliza. Mimi na rangi tumezeeka pamoja, najua kokwa ina rangi yake na lazima kwanza itoke. Nikauchemsha ule unga, nikamwaga maji, nikachemsha tena, mara nne, mpaka ukaacha kutoa wekundu. Nikauanika ukakauka kabisa, nikaurudisha ndooni na kitambaa chini yake. Nikamimina maji ya bluu polepole. Yakatoka maangavu! Sijayaonja, mimi si mwendawazimu, lakini nikitia mkono naona vidole vyote.

Unga uliokwisha kunywa rangi nimeuweka kwenye debe. Shambani siutupi. Hilo wewe ndiye msomi, njoo uniambie niupeleke wapi.

Barua hii mimi nasema tu, mkono ni wa Mama Atupele. Kaja na fungu la mchicha, kijani kitupu, na sasa anagoma kuandika kwamba alikuwa ameninunia. Nimemwambia: andika, Mama Atupele, andika na hilo. Anacheka, lakini ameandika.

Kula ushibe, mwanangu. Mwili usiukondeshe kwa ajili ya vitabu.

Ni mimi, bibi yako na mke mwenzako.