Mlango wa Nyumba ya Opiyo

Majengo, Thika
18 Agosti 1957

Mpendwa mwanangu Kimeu,

Nakusalimu sana, wewe na mama yako, kwa jina la Mwokozi wetu. Je, hapo Tanga mko wazima? Mguu wa mama yako umepoa? Sisi huku tunapumua, ingawa baridi ya mwaka huu imetukamata vifuani, na mke wangu Mbithe bado anakohoa. Mtoto wetu mdogo alipata homa, sasa anacheza.

Barua zako zote zimefika. Umeuliza kwa nini baba yako hajibu, na kama amekukasirikia. Hapana, mwanangu. Yuko hapa kwangu tangu Julai. Barua zako nilimsomea mimi, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akatoka nje. Wewe sasa ni mtu mzima, tena unajifunza kazi ile ile yake, na sitaki habari hii uisikie kwa wapita njia.

Unajua alikuwa fundi wa mbao katika shamba moja la kahawa kule Ruiru. Walikuwa yeye na fundi mwenzake Waweru, hata Waweru akachukuliwa na askari katika ule msako mkubwa wa Mau Mau, na mpaka leo hajarudi. Kazi yote ikabaki kwa ndugu yangu. Mwanzoni mwa mwaka huu ikajengwa laini mpya ya nyumba za wafanyakazi, na nyapara akataka milango iwe tayari kabla ya mvua. Ilikuwa ya mbao za podo, ikagongelewa plaiwudi mbele na nyuma. Jua lilikuwa kali na mbao zilikuwa zimekauka zikasinyaa. Baba yako alitaka kuacha nafasi kati ya mlango na fremu, maana mbao hutanuka zikipata unyevu. Nyapara akakataa. Alisema watu wamelalamika kuhusu upepo katika nyumba za zamani, hataki kuona mwanga ukipita mahali popote. Hata rangi alitoa ya kupaka uso tu. Kingo za plaiwudi zikabaki wazi.

Mvua ikaja. Plaiwudi ikanywa maji kwa chini, tabaka zake zikaanza kufura, na podo nayo ikatanuka ndani ya fremu. Watu wakawa wanafungua milango kwa mateke. Baba yako akaenda kuomba ruhusa aishushe yote na kuipunguza kwa randa. Akaambiwa angoje mavuno ya kahawa yaishe.

Katika laini ile alikaa kijana mmoja anaitwa Opiyo, mtu wa kazi ya mashine pale kwenye kiwanda cha kahawa. Mke wake, Aketch, alikuwa na mtoto mchanga. Siku moja ya manyunyu Aketch aliingiza jiko la makaa ndani mtoto apate joto, akasukuma mlango ukafunga ukakwama. Jirani yake Benta akasikia anagonga.

“Benta, mlango! Miguu yangu haina nguvu!”

Benta akasukuma kwa bega, mlango haukusogea. Wanaume wote walikuwa kazini. Akakimbia karakanani kumwita baba yako, naye akaja mbio na shoka. Alipasua plaiwudi katikati, akaingia kwa lile tundu, na hata wakati huo mlango wenyewe ulikuwa bado umeshikwa na fremu. Mtoto walimkuta kwenye kidirisha, mama yake alikuwa amekifungua akamlaza hapo uso ukielekea nje. Alikuwa hai. Aketch alikuwa chini, nyuma ya mlango. Walimtoa nje kwenye mvua, wakamwita jina lake, hakuitika tena.

Polisi walikuja wakaandika kwamba ni moshi wa makaa. Kuhusu mlango hakuna aliyeuliza.

Baada ya mazishi baba yako alikwenda kumpa Opiyo mkono. Nami nilikuwepo. Opiyo hakuupokea.

“Mulei, nimeambiwa ulikwenda kuomba, wakakukatalia,” akasema. “Sina kesi na wewe. Lakini tukikutana njiani, usinisalimu. Sitaweza.”

“Nimesikia,” baba yako akajibu.

Kesho yake alianza kushusha milango ya laini ile, mmoja baada ya mwingine, bila kuomba ruhusa ya mtu. Nyapara akamfuata.

“Nani amekutuma?”

“Hakuna.”

“Basi kazi yako imekwisha.”

“Haijaisha. Imebaki upande ule.”

Wakaita askari wa shamba wamtoe. Alikuja Thika kwa miguu, na sanduku lake la vyombo begani. Opiyo naye alipanda treni na mtoto, akampeleka kwa bibi yake huko Nyanza.

Nimemtafutia baba yako kazi ndogo ndogo hapa mjini. Huchukua randa, hupitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ubao, kisha huiweka chini. Chakula anakula kidogo. Watu wa kanisa wamekuja kumwombea, anawashukuru, basi.

Kuhusu swali uliloandika la ukingo wa plaiwudi, nilimwuliza juzi tukiwa tumeketi kivulini, nikidhani atainuka aondoke. Akajibu, na mwezi huu hajasema maneno mengi kama hayo.

“Mwambie asiache ukingo wazi. Akate ukanda mwembamba wa mbao ngumu, aubandike kwa gundi na kuubana mpaka ukauke, halafu apige randa ulingane na uso. Apake rangi pande zote, hata chini ambako hakuna atakayetazama. Na mlango akiuweka wakati wa jua, aache nafasi sarafu ipite.”

Nikamwuliza, “Na wakimwambia aubane bila nafasi?”

“Aache kazi.”

Mimi nisingekuambia hivyo, Kimeu, kwa sababu najua mama yako anakula kwa mkono wako. Lakini umemwuliza yeye, na hilo ndilo jibu lake.

Ukipata ruhusa Desemba, njoo umwone. Usije na maswali. Njoo tu ukae naye.

Msalimie mama yako, na shangazi yako Kaluki. Mbithe na watoto wanakusalimu. Mungu aikinge mikono yako katika kazi, na atukutanishe tukiwa hai.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye daima,
Munyao