Kidude cha Handakini

Newman, 2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na miguu haijavimba tena. Mimi sijambo, ila joto la huku litatuua. Tunapikia wachimbaji mia tatu na feni jikoni ni mbili tu. Kwenye simu hunisikii, basi naandika kwa herufi kubwa kama ulivyoagiza.

Ndani ya bahasha kuna kidude kipya cha tozo ya barabara, kinacholia na kulipa chenyewe gari likipita. Kile cha zamani betri imekufa, ndiyo maana uliletewa barua ya faini yenye picha ya gari lako. Mwambie binamu Ronnie akibandike juu kwenye kioo cha mbele, nyuma ya kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Kisikae karibu na chuma. Nimekiandikisha kwa jina langu, na orodha ya safari zote na malipo yake vitakuja kwangu. Jumapili Ronnie akikupeleka kwa Mama kule nyumba ya wazee, piteni handakini bila wasiwasi.

Na wewe, Baba, usiguse usukani. Daktari wa macho alisema nikiwepo.

Mwanao,
Graziella


St Albans, 14 Machi

Mwanangu Graziella,

Marahaba. Hapa tu wazima, isipokuwa popo wamemaliza tini zote, hata moja ya kuonja hawakuniachia. Naandika kwa kalamu nene, kwa hiyo usishangae karatasi kuwa nyingi.

Kidude nilikibandika mwenyewe. Nilikiweka pale mbele ya usukani, ubavuni mwa Bikira Maria, ili naye akitazame. Ronnie alicheka mpaka akashika mbavu. "Mjomba, huyu Bikira wako ni wa chuma! Atatuletea faini nyingine!" Akakihamishia juu. Tulipopita alisema kimelia ti. Mimi, kwa masikio haya, sijawahi kukisikia hata siku moja.

Mama yako ndiye aliyekuwa akikisikia. Unakumbuka ulipotufungia kile cha kwanza? Kila kikilia, yeye: "Asante, Graziella!" Mpaka wateja wa duka letu, waliposikia habari hiyo, wakawa wanamtania. Siku hizi nikiliona lile lango la chuma juu ya barabara, namsemea mimi.

Hali yake ni ile ile. Jina langu, Wenzu, limemtoka kabisa. Lakini nikimwambia, "Fungua duka, Vitorin," anafungua mdomo na anakula.

Baba yako


Newman, 11 Aprili

Baba,

Shikamoo. U mzima? Mimi nilikuwa mzima mpaka jana.

Nimeletewa orodha ya safari za kidude. Nilitegemea kuona Jumapili peke yake. Nimeona kila siku, Baba! Kila siku ya Mungu, saa kumi na mbili na robo asubuhi gari linaingia handakini, na saa tatu na nusu linarudi. Nimempigia Ronnie. Saa hizo yuko kiwandani.

Nani anaendesha gari lile? Niambie kuwa umempata jirani. Niambie uongo wowote nitakaoweza kuuamini.

Mwanao,
Graziella


St Albans, 20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Uongo sina, nimezeeka mno kuutunga.

Naendesha mimi. Mama yako huamka saa moja, na saa moja ndiyo saa yake ya kula. Ikipita nusu saa amefumba mdomo, na hakuna wa kuufungua. Wauguzi wamejaribu, Mungu awabariki, wamembembeleza kama mtoto. Anageukia ukutani. Nikifika mimi na mkate wangu niliouloweka kwenye kahawa ya maziwa, nikasema "Fungua duka", anakula bakuli zima. Siku mbili nilizougua mafua, kabla ya kidude hiki kipya, hakula kitu. Sasa ungenishauri nini?

Macho yangu unayajua. Katikati kuna doa, pembeni naona. Lakini barabara ile naijua tangu handaki halijachimbwa. Na kuna lori la mkate, jeupe, lenye maandishi mekundu makubwa mgongoni. Linatoka hapa saa ninayotoka mimi, linapita ninapopita. Nalifuata. Likisimama nasimama, likienda naenda. Dereva wake hanijui, lakini nimeshamwombea mara nyingi.

Nakuomba, Graziella, na sijawahi kukuomba kitu. Usimwambie daktari. Kitanda cha huku kwetu kikipatikana ahamishiwe karibu, funguo nitakupa kwa mkono wangu.

Baba yako


Newman, 27 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa stoo, ili wenzangu wasinione nalia.

Juzi hapa kwetu mtoto wa shule aligongwa akivuka. Aliyemgonga alikuwa mzee kama wewe, mtu mwema, anaijua barabara yake. Usiku mzima niliwaza lile lori lako la mkate. Siku dereva akiwa likizo, utamfuata nani?

Nimeandika kwa idara ya leseni. Barua imeshaondoka. Ronnie atakuja kuchukua funguo. Usimtukane, ni mimi niliyemtuma. Nimekupangia teksi ya kila asubuhi, nalipa mimi. Maombi ya kitanda cha karibu nimeyakumbushia tena. Likizo yangu ni Julai, nitakuja nimlishe mwenyewe.

Nichukie tu, Baba, mradi uwe hai.

Mwanao,
Graziella


Newman, 6 Juni

Baba,

Shikamoo. Wiki tano sasa sijapata hata mstari. Ronnie anasema u mzima lakini husemi naye. Anasema pia Mama amepungua, ila hanielezi amepungua kiasi gani.

Kila asubuhi nafungua ile orodha ya safari. Haina kitu. Nilidhani nikiiona tupu nitalala usingizi. Silali.

Teksi inakuja? Anakula? Nijibu hata neno moja.

Mwanao,
Graziella


St Albans, 9 Julai

Graziella,

Kwenye mazishi hukuniuliza, nami sikukuambia, watu walikuwa wengi. Sasa nakuambia.

Teksi ilikuja. Siku moja saa moja kasorobo, siku nyingine saa mbili na dakika ishirini. Madereva hawana kosa, mji mzima unaamka saa ile ile. Nikajaribu treni. Mbao za vituo sizisomi, nikashushwa mji usio wangu na mkate wangu mkononi, ukiwa umepoa. Nilifika saa nne. Nikasema, "Fungua duka, Vitorin." Duka lilikuwa limefungwa. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Nilimfuta midomo nikala ule mkate mimi, maana sikujua niufanyeje.

Siku ya mwisho walikuwa wamemtundikia maji. Nilikaa upande ambao jicho langu linaona. Ghafla nikaona midomo yake inafunguka! Nikaruka na kijiko. Kwa haraka nikamwaga kahawa shuka lote. Muuguzi akanishika bega, akanisogelea sikioni, akasema hapana, hataki chakula, amesema kitu. Mashine ya maji ililia ti, alisema, na Mama yako akajibu, "Asante, Graziella."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho. Jina langu hakulitaja.

Labda kuna mtoto mahali anavuka barabara leo kwa sababu yako. Akija mtu kuniuliza nitamwambia binti yangu alifanya sawa. Mama yako amekushukuru. Mimi siwezi.

Kidude chako hiki hapa. Nimekibandua kwa kisu cha siagi, gundi imebaki kwenye kioo. Sina pa kwenda nacho.

Wenzu


Newman, 2 Septemba

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne tangu uniandikie, na sijui kama unazifungua. Ronnie anasema anaziona mezani, zimepangwa vizuri.

Likizo yangu ilisogezwa Agosti, nayo imekwisha. Nilikuja wiki tatu zilizopita, nikabisha mlango mpaka jirani akatoka. Najua hukunisikia. Nilikuona kupitia dirisha, umekaa mezani, umeweka mabakuli mawili. Ningeweza kuzunguka kwa mlango wa nyuma. Sikuthubutu.

Kidude nimekibandika garini mwangu, nyuma ya kioo kidogo, kama nilivyokufundisha. Jimbo hili lote halina hata barabara moja ya tozo, kwa hiyo hakitalia kamwe. Asubuhi nikienda kazini nazima redio, nakisikiliza.

Kitanda cha karibu kimepatikana. Wamenipigia jana, wameuliza Mama ahamie lini.

Mwanao,
Graziella