Mkono wa Gauni Unanibana Kwapani

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie upesi maana nina furaha ya kupasuka, naolewa! Mimi ni fundi cherehani, nimeshonea mabibi harusi wa mtaa mzima mpaka watu wakaanza kuniuliza wangu lini, na sasa ni Jumamosi ya wiki ijayo, naolewa na fundi umeme mpole hadi raha, na gauni nalishona mwenyewe, jeupe pe, mikono mirefu ya kubana, sasa tatizo ni huo mkono wa kulia, kila nikilijaribu gauni linanibana kwapani, nafumua, napanua, nashona, linabana tena, nikalaumu mkasi, nikalaumu kitambaa, juzi shangazi akacheka, "Mwali, umenenepa kwa raha!" nami nikacheka, ila mkono wa kushoto uko sawasawa, basi nikajipapasa kwapani nikakuta kivimbe kigumu kama kifungo cha koti, wala hakiumi. Zamani, nikiwa binti mdogo kazini, nilitokewa na mstari mweusi chini ya ukucha wa kidole gumba cha mkono huo huo, nikadhani nimejichoma sindano, kumbe saratani ya ngozi, madaktari wakakata ncha ya kidole, wakasema imewahiwa, ilikuwa nyembamba, haijaenda popote, nikahudhuria kliniki miaka kadhaa kisha nikaacha, sasa imepita zaidi ya miaka kumi, mchumba wangu anajua yote na kidole hicho ndicho anachopenda kukishika, naye shangazi anasema ugonjwa wa zamani hivyo umeshakufa na kuzikwa, nisitie watu kiwewe wiki ya harusi. Je, niolewe kwanza, hospitali baadaye?

Fundi Bibi Harusi

Bibi harusi wangu, hongera, tena hongera sana! Nilisoma barua yako nikitabasamu mpaka nilipofika kwapani, hapo nikasimama wima. Wewe fundi mzima, unapima watu kutwa, mwili unakwambia upande mmoja umebadilika, halafu unagombana na mkasi? Acha hizo!

Shangazi anakupenda, lakini hapa kachemsha. Nimempigia daktari wa ngozi kabla ya kukujibu. Anasema saratani ya aina hiyo inaweza kulala zaidi ya miaka kumi kisha ikaamka, na ile ya kidoleni hupenda kuibukia kwenye tezi za kwapa la mkono huo huo, na wanaorudiwa baada ya muda mrefu hivyo mara nyingi ni wale walioipata wakiwa vijana, ikiwa nyembamba, bila kidonda. Yaani watu kama wewe, walioambiwa mambo safi, wakasahau kliniki. Kwa wengi hairudi kabisa, na kivimbe chako huenda ni tezi iliyovimba kwa sababu ya kujichoma sindano tu. Lakini hilo halijulikani kwa kupapasa, wala kwa kicheko cha shangazi.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Kesho asubuhi, si baada ya harusi, nenda hospitali. Mchukue huyo fundi umeme wako, maana mume wa raha tu hatumtaki. Usiseme "nina kivimbe" ukanyamaza. Anza na kidole, waambie kilikatwa kwa sababu gani, kisha inua mkono wakuone kwapa na ngozi yote.

Harusi ipo palepale, sijaifuta mimi. Ila ule mkono wa kulia ufumue, uache hivyohivyo, usiuguse mpaka daktari amalize kazi yake. Jumamosi ikifika bado hajamaliza, ingia ukumbini na mkono mmoja wa gauni. Huyo bwana alishakipenda kidole kisicho na ncha, bega tupu litamshinda nini?