Gauni la Mgongo Wazi

Jumamosi, 4 Mei

Leo naanza, na naahidi kuandika kila kitu. Hata yanayonitia aibu. Hasa hayo.

Jambo lenyewe ni gauni. Mama mdogo anaolewa mwisho wa mwezi, na mimi nataka gauni moja tu duniani: lenye mgongo wazi na mikanda myembamba ya kufunga shingoni. Mama ni fundi cherehani, kwa hiyo hawezi kusema halipatikani! Nilimwonyesha picha kwa adabu zote, vyombo nikiwa nimeshaosha. Akaitazama, pini zikiwa mdomoni.

Hiyo ni ya mtu mzima, akasema. Wewe bado.

Bado mpaka lini? Mpaka ifike. Ifike nini? Akarudi kwenye cherehani. Mimi nina miaka kumi na moja na nusu — hiyo "bado" ina miaka mingapi?

Bibi akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamteleza. "Mke mwenzangu, huo mgongo una haraka ya kwenda wapi?"

Jumapili, 5 Mei

Maajabu! Leo amekuja Mama Manukato. Ni mteja wa Mama. Mimi na Bibi tumempa jina hilo kwa sababu harufu yake hufika sebuleni kabla yake na huondoka baada yake. Ameleta satini ya kijani na picha kwenye simu. Gauni la binti yake, la sherehe ya kazini kwa baba yake. Mgongo wazi mpaka kiunoni!

Na binti mwenyewe ni rika langu.

Hakuja, ana masomo ya ziada. "Si wanalingana na huyu wako, fundi? Mpimie huyu."

Kwa hiyo mimi ndiye sanamu ya kupimia. Alipotoka nikauliza, polepole, bila kununa: kwa nini mwenzangu ndiyo na mimi hapana? Mama akasema mtoto wa watu ana mama yake. Kisha akaikunja satini, akaikunjua, akaikunja tena. Akasema kama litamkaa vizuri mtoto wa umri wangu, basi atafikiria na langu.

ATAFIKIRIA! Mama halitumii neno hilo ovyo.

Jumanne, 7 Mei

Nimelivaa. Bado lina pini na pindo halijashonwa, lakini nimelivaa! Kwenye kioo sikujijua. Nilikuwa mrefu! Bibi alisema nimefanana na chupa ya sharubati. Nadhani ni sifa.

Ila kuna mtihani. Kila nguo ya mtoto inayotoka kwa Mama lazima iufanye: inua mikono, okota bobini ya uzi sakafuni, kaa kwenye stuli, kimbia mpaka getini urudi. Mikono juu — gauni zima likapanda nayo. Bobini — niliipata kwa ncha za vidole, magoti yamebanana. Stuli — mgongo ukagusa ukuta. Baridi!

Getini ndiko kulikoniharibikia. Mkabala na kwetu kuna kibanda cha muuza vocha. Yeye huniita Kadogo tangu zamani, na kila nikipita huniuliza saba mara nane. Leo akasimama, akafuta benchi kwa mkono. "Karibu dada, nikusaidie?"

Dada! Nilifurahi kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha mikono yangu sikujua niiweke wapi. Ndipo akanitambua. "Aa, kumbe Kadogo! Haya, saba mara nane?"

Nikasahau. Mimi! Nikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, mkono mmoja nimeuweka mgongoni.

Mama akauliza, vipi? Nikasema limefaulu.

(Niliahidi kuandika kila kitu. Halikufaulu.)

Alhamisi, 9 Mei

Binti wa Mama Manukato amekuja kujaribu. Nitamwita Kimya, maana aliyekuwa akizungumza ni mama yake. Eti binti anapenda kijani. Anapenda mgongo wazi. Yeye hata baridi haisikii!

Nilipewa kazi ya kumfunga mikanda nyuma ya pazia. Nilidhani ataringa. Wapi! Alisimama kama ufagio. Akaninong'oneza: "Wewe ungelivaa?"

Nikasema ndiyo, ila sauti ilitoka nyembamba.

Yeye alimwomba mama yake gauni lenye mifuko. Akaambiwa asimtie mtu aibu, wageni watamwona mtoto. "Sasa mimi si mtoto?" Ananiuliza mimi! Halafu akaniomba nimwambie Mama aseme kitambaa hakikutosha. Uongo mtupu! Nikamwambia siwezi. Akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyezoea.

Kile kichwa ndicho kimeninyima raha. Nikimweleza Mama ukweli, gauni langu limekwenda na maji. Nisipomweleza, Kimya atalivaa hivyohivyo mbele ya watu.

Ijumaa, 10 Mei

Nimesema. Yote. Ya Kimya, ya benchi, ya kurudi kinyumenyume.

Cherehani ikasimama. Hata Bibi hakutania. Mama akasema mwenye kuagiza ni mama yake, na fundi hamfundishi mtu kulea. Kisha akanisogezea chaki: "Wewe uliyelivaa, ungelishonaje?"

Hajawahi kuniuliza hivyo!

Nikamchorea. Mgongo ufungwe, ubaki uwazi mdogo chini ya shingo. "Kama dirisha la choo," akasema Bibi, amepona tayari. Na mifuko miwili. Mama akachukua mabaki ya satini, akayabana mgongoni kwa pini. Mfuko mmoja akaushikiza wa kujaribia. Kushona hajashona. Wenyewe waone kwanza.

Kuhusu gauni langu sikuuliza.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika jikoni, mbiombio. Wamekuja. Kimya alilivaa, akatia mkono mfukoni, akacheka. Ana mwanya! Mama Manukato hakuuona mwanya, aliuona mgongo. "Fundi, mbona umeniziba mwanangu?"

Mama akamjibu kwa upole kwamba pini hutoka mara moja, ni neno lake tu. Mara Mama Manukato akanigeukia mimi. "Hebu wewe mwanangu, nyie ndio mnaojua mitindo. Si alipendeza zaidi lilivyokuwa mwanzo?"

Wote wakanitazama. Mama hakunisaidia hata kwa jicho. Bibi akakohoa: mtoto alete chai kwanza, majibu hayakimbii. Asante, mke mwenzangu!

Birika limeanza kuimba. Kutoka hapa namwona Kimya kwenye mwanya wa pazia. Mkono mmoja mfukoni. Wa pili mgongoni, juu ya pini, palepale nilipouweka wangu.

Haya, daftari, nijibu upesi kabla maji hayajachemka: mtu anamwambiaje mama wa mwenzake, kwa adabu, kwamba binti yake bado ni mtoto — na kwamba mwenyewe hana haraka?