Sarafu za Mifukoni

Jumanne, 3 Juni 2025
Willy dereva wa lori kaleta suruali mbili nizipunguze kiuno. Anakonda, mkewe atalia! Mfukoni nikakuta sarafu ya Afrika Kusini, ina swala. Nikamrudishia. "Ubakiye nayo, mama. Huku haina kazi." Kweli, Likasi yetu ni noti tu, tena zilizochakaa. Nimeitia kwenye kopo la maziwa pamoja na za Zambia, China, India, Uingereza. Mimi hata Kasumbalesa, hapo mpakani, sijafika. Jioni nikifunika cherehani nazimwaga mezani, naziuliza habari za kwao. Nani mwingine wa kumuuliza?

Alhamisi, 5 Juni
Reine amepiga simu! Binti yangu, huyo huyo mmoja. Tangu Pasaka — kimya. Ndoa yake haijapata mtoto, na sasa pasta wao wa Lubumbashi ameona sababu: kopo langu la sarafu. "Mama, ile bichwa ya bafalme njo inafunga tumbo yangu. Tupa yote mu choo, dimanche nitakuya." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Upuuzi mtupu! Lakini kasema atakuja Jumapili.

Ijumaa, 6 Juni
Sikushona kitu.

Jumamosi, 7 Juni
Nimezitupa. Moja moja chooni, nikitaja nchi. Yule malkia wa Waingereza nikamwacha mwisho, tulishazoeana. Kisha nikanunua kuku, nikatandika kitanda cha Reine kwa shuka la maua.

Jumapili, 8 Juni
Bukari niliyosonga imepoa. Reine kapiga: haji. Pasta anasema roho zimebaki ukutani, nyumba iombewe kwanza. Lini? Labda Agosti. Nikamwambia nimetupa zote, hata moja haikubaki. "Merci, mama," akasema, kama ninavyowaambia wateja.

Nimekula paja moja. Nina hasira! Kopo tupu liko mezani, nami nalia. Sijui nalilia vile vyuma au mtoto.

Jumanne, 10 Juni
Willy kachukua suruali, kaacha koti lenye zipu mbovu. Mfukoni — sarafu. Ina samaki, nchi siijui. Nikatoka mbio nimrudishie! Lori limeshaondoka, vumbi tu.

Nimerudi kuketi. Kopo sijalitupa, sijui kwa nini. Sasa simu inalia. Reine. Najua atakachouliza: nyumba iko safi? Sarafu iko kiganjani, imeshapata joto langu. Simu bado inalia —