Kitambaa cha Mashine

Jumatano, Njiru

Na mimi nilikuwa nalaumu sabuni! Nimebadilisha sabuni mpaka nimechoka, na bado mashati ya mume wangu Ouma yanatoka kwenye mashine yakinuka uvundo.

Kumbe ni kitambaa. Mama mkwe alikifuma kwa mkono wake tuliponunua mashine, nami nikimaliza kufua nafunga mlango, nakitandika juu kiteremke mbele mpaka chini, wageni waone. Kukitoa niliogopa. Angenuna.

Leo alikuja kututembelea. Alipofika jikoni alisimama, akanusa. Akakunja kitambaa chake, akafungua mlango wa mashine na kuvuta ule mpira wa pembeni. Ndani mlikuwa na utando mweusi unaoteleza. Harufu ilinipiga, nikakimbilia choo kutapika.

"Hii kitu haipumui," aliniambia niliporudi. "Mimi ndiye nimeiziba pua."

Mimi ningetafuta wa kulaumu. Yeye alicheka tu, akapangusa mpira kwa siki, akaiwasha tupu kwa maji moto, akasema mlango ubaki wazi nikishafua. Nguo za jioni zimetoka hazinuki chochote. Huyu mama!

Halafu nikamkuta sebuleni anakifumua kile kitambaa. Nikamsihi, "Mama, usiharibu kazi yako."

"Wacha," akasema bila kuinua macho. "Huu uzi utatosha kofia ya mtoto."

Sijamwambia mtu. Hata Ouma bado hajui.